Kanzidata Mbili, Folda Moja

Shangazi Hajira, shikamoo. Niokoe maana nimechanganyikiwa, mimi ni mtu mzima, karani wa umoja wetu wa wakulima hapa Ikwiriri kwa sababu tu siku ya uchaguzi nilikuwa peke yangu mwenye miwani, na kompyuta tunayo moja, fundi Mudrick alituwekea ndani yake kanzidata mbili, yaani daftari za majina za kompyuta, zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, moja ya wakulima wa mpunga wa bondeni, nyingine ya wenzetu wa ufuta wa Mahege, kila moja na folda yake, sasa mimi nikaona huu ubaguzi, watu wenyewe ndugu, mtu ana dungu la kulindia mpunga bondeni na shamba Mahege, mbona wasile sinia moja? Nikazielekeza zote kwenye folda ya Mahege. Ya pili ikagoma kuwaka, ikasema folda ina mwenyewe, kuna faili la kufuli, nami nikalifuta hilo faili, zikawaka zote, nikaenda kunywa chai kwa raha zangu. Kurudi, wa mpunga siwaoni, na majina ya Mahege mengi yamekuwa alama za ajabu, na lori la mbegu zao linakuja Jumamosi, asiyeonekana kwenye kompyuta hapewi, na Bi Kudra, mwenyekiti wao, kila akipiga simu, "Karani, watu wangu wamo?" najibu, "Wamo mama, tele." Nizime niwashe tena, au nisingizie umeme?

Mshamu, Ikwiriri

Marahaba, Mshamu. Nimekucheka kwanza, kisha nikamuuliza fundi mmoja wa kompyuta, maana na mimi si mjuzi. Umeme una madhambi yake mengi, hili si lake.

Sinia moja ni la watu, baba. Ulichofanya ni kuwapa makarani wawili ukurasa mmoja waandike wamefumba macho, na kufuli lililowazuia ukalivunja mwenyewe! Zima kanzidata zote mbili, usiwashe tena. Nakili folda zote kwenye diski ya nje, hata hiyo iliyoharibika. Wa mpunga wapo, folda yao hukuigusa. Mwite Mudrick arudishe kila moja kwake, na kama aliweka nakala ya akiba ya Mahege, aitumie. Watakaokosekana waandikwe upya.

Ila huo uongo wa "wamo" haurekebishwi na fundi. Mtu akikosa mbegu, amekosa msimu. Panda bodaboda uende Mahege leo. Usimweleze Bi Kudra habari za folda. Mwambie, "Majina yenu nimeyaharibu, naomba tuyaandike upya kabla ya Jumamosi." Atakufokea. Mwache amalize, kisha muulize muanze kumwandika nani.