Feni Iliyotolewa Madhabahuni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tuliomba tangi la maji. Wameleta mashine. Lori lilifika hapa Kabati saa nne, na sisi kina mama wa kikundi cha Wendo tukaimba mpaka koo likakauka, tukidhani chini ya turubai kuna tangi. Turubai likatolewa — vyuma, rola mbili na mabomba ya gesi. Afisa wa kaunti akasema tangi ni mawazo ya zamani, siku hizi ni kuongeza thamani. Muthoki, mwenyekiti wetu, akawa wa kwanza kupiga makofi. Tukapiga pia. Maji tutaendelea kuchota mtoni.

Zuri ni moja: msichana wangu Mwongeli ndiye ataiendesha. Alikuwa fundi cherehani, wakampeleka Athi River wiki mbili kufundishwa. Nimefurahi. Nimeogopa pia. Gesi, moto, na mtoto wangu katikati!

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeiona ikifanya kazi. Gundi hakuna hata tone. Sponji inapita juu ya mstari wa moto mdogo wa bluu, uso wake unayeyuka kidogo tu, unanata kama sukari ikianza kushika sufuria. Hapo hapo kitambaa kinakutana nayo, rola zinabana, vinatoka vimekuwa kitu kimoja. Ni vya kuvalisha viti. Nikavuta kwa mkono. Nikavuta kwa meno. Haviachani! Watu waliooana kanisani hawashikani hivyo.

Lakini moshi wake — kama beseni la plastiki limeangukia jiko. Mashine ilikuja na feni kubwa ya ukutani, ya kuunyonya moshi na kuutupa nje. Mwongeli akaniambia, Mwaitu, mama yangu, huu moshi ni sumu ya kifua, bila hiyo feni hakuna kazi. Nikaizunguka hiyo feni nikiikagua kama mbuzi wa mahari.

Jumapili, 9 Machi

Nimeingia kanisani nikasikia upepo mzuri usoni. Nikashukuru Mungu. Kisha nikainua macho — feni yetu! Wametoboa ukuta nyuma ya mimbari, wakaiweka hapo, inampulizia pasta Mutunga mgongoni. Muthoki akasimama akashuhudia: ameguswa moyoni, mtumishi wa Mungu anatoka jasho, kwa hivyo kikundi kimetoa malimbuko. Kikundi gani? Mimi sikuulizwa. Pasta akaiombea feni, akaipaka mafuta. Amina kila kona. Na mimi nikasema amina, mdomo ukatangulia.

Kwa sababu ya hiyo baridi, mahubiri yalienda masaa matatu.

Jumatatu, 10 Machi

Mwongeli amefanya kazi mlango wazi. Upepo ukaingia ukaulaza moto. Sponji ikaungua upande huu, upande ule haikushika. Yeye anakohoa, macho mekundu kama ametoka matangani. Nikamwambia Muthoki, dada yangu, mtoto anaumia. Eti anywe maziwa. Eti, "Mama Mwongeli, kiwanda bila moshi, watu watajuaje ni kiwanda?"

Nikamwambia Mwongeli aache. Akasema akiacha leo, kesho mpwa wa Muthoki atakuwa amesimama hapo. Na Jumamosi kaunti wanakuja kufungua rasmi, na watu wa TV.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kwa pasta na mayai kumi na mbili. Nikaeleza pole pole. Alisikiliza vizuri, hana ubaya yule mtu. Akasema kilichotolewa madhabahuni hakirudi sokoni. Nikasema pasta, si sokoni, ni kwa kifua cha mtoto. Akafunga macho, akakiombea kifua. Feni ikabaki. Mayai yakabaki.

Jumatano, 12 Machi

Mwongeli amekohoa mpaka akaangusha kijiko. Sijala.

Alhamisi, 13 Machi

Zamu yangu kufagia kanisa. Nikawasha feni, nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya ukuta nikachoma maganda ya mahindi — nione tu. Moshi haukupanda juu! Uliinama, ukaingia kwa ule ukuta kama kuku anaingia kizimba. Nikakimbia ndani. Uko kwa mimbari! Feni imepakwa mafuta na bado inafanya kazi yake ya kwanza.

Nikapitia kwa Muthoki. Nikamwambia Jumamosi jua litakuwa kali, wageni wakae kanisani, na mashine tuiweke nyuma ya kanisa, karibu na ukuta, kuna kivuli. Akasema, "Mama Mwongeli, leo umeongea kama mtu aliyesoma."

Mungu anisamehe. Nimesoma darasa la nne tu, lakini moshi naujua.

Ijumaa, 14 Machi

Wanaume sita wameisukuma. Mwongeli akatazama ukuta, akatazama feni, akanitazama mimi. "Mwaitu!" Nikamwambia akaze mitungi ya gesi vizuri. Halafu nikamwomba mwalimu wa Sunday school watoto wakae kule uwanjani kesho, na wazee wenye pumu wakae nao. Nimesema ni kwa heshima.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nane. Naandika nikiwa nimekaa kwa jiwe kwa mlango wa kanisa. Wageni walikuja, wakatazama moto, wakapigwa picha, wakaingia kwa hotuba. Muthoki akaagiza Mwongeli asizime, mlio wa kiwanda usikike kwa TV. Haya.

Nimechungulia. Pasta anatoka machozi. Watu kumwona analia, wakaanza kulia pia. Mtu akapaaza sauti, "Roho ameshuka!" Afisa wa kaunti ameinamisha kichwa, leso mdomoni — wanasema tazama, hata serikali imenyenyekea. Nimefungua madirisha yote ninayoyafikia.

Muthoki ametoka akijishika ukuta. "Mama Mwongeli, zima feni! Zima!" Nikamwambia, nikizima, moshi wote ni wa Mwongeli. Tuzime mashine? Eti hapana, TV bado wanachukua picha. Basi, nikamwambia, rudi ndani, useme mbele ya watu hiyo feni ni ya wapi.

Amefungua mdomo. Kikohozi tu. Ameinua kidole nimngoje.

Nangoja. Swichi ya feni iko juu ya kichwa changu. Nyuma ya ukuta namsikia Mwongeli — hakohoi, anaimba! — ameanza ubeti wa pili.