Jinsi Ugonjwa Ulivyomfikia Mama

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 8 Novemba 2020.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko ugenini? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, bado wanasomea kwenye meza ya jikoni, au shule zimewaonea huruma zikafunguliwa?

Sisi ni wazima, kwa maana kwamba tunakula na tunalala. Bonge ametimiza miaka miwili na sasa ana meno ya kutosha kutafuna waya wa chaji. Saluni yangu imefunguliwa tena, ila wateja huingia mmoja mmoja kama wanaokwenda kuungama. Tulipofungiwa, wifi yako alininyoa mwenyewe, na kichwa cha kinyozi kikawa kama nyasi zilizoliwa na mbuzi. Ningependa barua yote iwe ya namna hii. Haitakuwa.

Siku ya mazishi ya Mama, ndege zimesimamishwa na wewe uko kwenye kioo cha simu, uliniuliza: "Mama hakutoka nje miezi mitatu. Ugonjwa uliingiaje ndani?" Nikakujibu, "Mungu ndiye ajuaye." Kisha nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Dada.

Unakumbuka tulivyompangia. Tuliiogopa pumu yake, tukampa chumba cha watoto, watoto wakahamia kwetu. Chakula nilimpelekea mimi, barakoa usoni, naweka kwenye kigoda na kutoka. Watoto waliongea naye dirishani tu. Chiriku wetu wa miaka sita, ambaye hilo jina la utani ulimpa wewe, alikuwa anapanda juu ya ndoo kila asubuhi kumsimulia ndoto zake, mpaka Mama anasema, "Huyu mtoto amemeza redio."

Saluni zilikuwa zimefungwa kwa amri, nami nikawa nawafuata wateja majumbani, mashine nimeificha kwenye mfuko chini ya vitunguu. Wifi yako alilijua hilo. Ambalo hakulijua ni hili. Jumanne moja nilimnyoa dereva wa lori aliyekuwa anakohoa. Alisema ni vumbi la safari, nami nikataka kuamini. Jumamosi nikamimina spiriti nisafishe mashine, nikaona hainuki. Nikaisogeza chupa mpaka puani. Kama maji. Nilijua, Dada. Redio ilikuwa inatuimbia dalili hiyo kutwa. Nikafunga chupa, nikavaa barakoa, nikampelekea Mama chai.

Ningesema, tungefungiwa ndani wiki mbili, na unga ulikuwa wa siku tatu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ni kwamba sikutaka kuwa mimi niliyeuleta ugonjwa ndani.

Kesho yake nikamkuta Chiriku kitandani kwa Mama, amekaa katikati ya miguu yake anasukwa nywele. Mama alimwita mwenyewe. Alisema amechoka kuwasikia watoto bila kuwashika. Nilimvuta mtoto mkono hadi nje nikimfokea: "Unataka kumuua bibi yako?" Ulimi hauna mfupa. Nywele zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu.

Jumatano Mama akaanza kukohoa. Siku ya nane hospitalini akatutoka. Muuguzi alinikabidhi miwani yake ndani ya mfuko uliofungwa kwa gundi, akanionya nisiufungue kwanza.

Tangu hapo Chiriku alinyamaza. Tukadhani ni majonzi. Alikula peke yake mlangoni. Bonge akimkimbilia mikono juu, yeye anapanda kitini na kupiga mayowe hadi tumwondoe mwenzake. Alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, ikatoa damu. Mimi nilitazama, moyoni nahisi sababu, nikaenda kumtafutia mafuta ya kujipaka.

Jumatatu iliyopita wifi yako alikuwa anampaka mafuta hayo jikoni, akamwuliza kwa nini hataki kumshika mdogo wake. Mtoto akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nitamuua. Mimi naua. Baba aliniambia."

Nilipiga magoti pale pale sakafuni. Nikamwambia, "Mama yangu, si wewe uliyemletea Bibi ugonjwa. Ni mimi. Nilikuwa naumwa, nikaingia kwake na chai."

"Ulikuwa unajua unaumwa?"

"Nilijua."

"Mbona ulinifokea mimi?"

"Niliogopa."

Wifi yako aliweka kopo la mafuta mezani. "Na sisi ulitumiminia chai hiyo hiyo?" akauliza. Hakungoja jibu. Alimbeba Bonge, akatoka uani. Hadi leo bado ananipikia, ila mazungumzo yetu ni ya chumvi na sabuni tu, na simlaumu.

Chiriku alibaki ananitazama. Kisha akasema, "Shangazi anajua?"

"Hajui."

"Si alikuwa mama yake?"

Ndiyo maana unaisoma barua hii.

Siombi unisamehe kwa sababu tu nimekuandikia ukurasa mmoja na nusu. Ukitaka kunitukana, piga simu, sitakata. Ila ninalo ombi moja, si kwa ajili yangu. Alhamisi Chiriku alimwacha Bonge amshike pindo la gauni, wakazunguka uani hivyo, yeye mbele, mwenzake nyuma. Jana Bonge aliposogea zaidi, Chiriku akapanda tena kitini. Ameniamini nusu. Kwa mtu aliyeficha jambo kubwa namna ile, nusu ni nyingi. Mwandikie yeye, Dada. Mwambie hakumuua Bibi. Wewe hujamdanganya. Andika kwa herufi kubwa, zilizoachana, maana shule zilifungwa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno, na barua yako anataka kuisoma mwenyewe. Ameshasema hataki nimsomee mimi.

Nisalimie Shemeji, na wapwa zangu wote wawili. Wifi yako anakusalimu. Hilo alilitamka kwa mdomo wake, nami nikalipokea kama zawadi. Yule fundi cherehani jirani yetu, aliyetushonea barakoa, naye anakupa pole.

Mungu awalinde ndani ya nyumba yenu, na mlango wenu upitishe heri tu. Amrehemu Mama.

Wako akupendaye, hata baada ya haya,
Mdogo wako, Kinyozi.