Sura Yako Iko Wapi, Papa Honoré?

Mwaka umejaa, Papa Honoré Sebarenzi, tangu ile asubuhi ya Mei 1967 kifua kilikushinda hapa kwetu Kirolirwe. Viatu vyako vilikuwa tayari mulangoni, sababu ulitaka kwenda Walikale. Siku tatu za homa, na neno lako lilikuwa moja tu: "Musifunge mulango, nitatoka." Hukutoka, Papa. Mama anauacha wazi mpaka leo, na ng'ombe za jirani zinaingia kula maharagi yetu.

Mimi Verdiane, binti yako, njo mwenye kuandika. Kaka Evode anasema tangazo la kumbukumbu linapaswa kuwa fupi. Anyamaze kidogo.

Ulikuwa muchoraji wa sura. Toka Masisi mpaka Ntoto, nyumba yenye ilitaka kutundika uso wa mukubwa wake ukutani ilikuita wewe. Ulijifunza peke yako katika kitabu chenye padri mumoja alikuachia, kitabu cha Mujerumani wa karne iliyopita, mwenye kuzunguka miji ya kwao akichora wafanyabiashara na bibi zao. Maisha yake uliyajua kuliko ya babu yetu! Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa amejichora yeye mwenyewe. Mama alikuambia, "Na wewe ujichore basi." Ulicheka: "Mimi niko hapa, ya nini?"

Ulikuwa hapa wapi? Unalala nyumbani siku mbili, ya tatu unaanza kuzunguka ua wa lupango kama kuku inatafuta kwa kutagia, kisha hauko. Mama alisemaka, mutembezi hula miguu yake. Tulikukasirikia mara mingi, na leo tunakukasirikia tena.

Lakini moyo ulikuwa nao. Muntu akikufa bila foto, ulikusanya ndugu zake. Kwa huyu unakopa pua, kwa yule masikio, mpaka nyumba yote inamutambua na kusema, "Njo yeye." Na kama marehemu hakuwa na ndugu, ulitoa kioo chako cha kunyolea na kumupatia kipande cha uso wako. "Mwenye hana ndugu, mimi niko ndugu yake," ulituambia, na ulitukataza kusema.

Foto yako moja tu, ile ya kitambulisho, iliungua na nyumba katika fujo za mwaka wa 64. Hatukuona kama ni shida. Noeli ya kwanza bila wewe ilipofika, Mama alikuwa anakamua, akaacha. "Verdiane, macho ya baba yako ilikuwa namna gani? Inanikimbia." Tangu pale usingizi ulimuhama.

Tulijaribu kazi yako. Tulimukalisha ndugu yako, Papa Damascène, nikashika burashi. Mama alitazama, akasema, "Huyu iko shemeji yangu. Miaka makumi mbili nililala na mwingine." Papa Damascène amenuna mpaka leo.

Basi tukatoka kutafuta nyumba zenye ulikopesha uso wako. Kwa miguu, Mama mbele, hatumuwezi! Huku kidevu, kule sikio moja, na Mama anasema twende tu. Upande wa Walikale, kijiji hatukitaji, mama mumoja mujane, hana mutoto, alitufungulia. Bwana yake alitoka mbali, akafia pale bila ndugu. Yesu Maria! Ukutani, katika picha ya huyo bwana, macho yako. Yote mbili, Papa, hata ile kope yenye kushuka. Mama alikaa chini kwenye udongo.

Tulikuwa tumekuja kuomba hiyo picha. Evode alininong'oneza, "Tumuambie kweli, atatupatia." Na mimi nilitaka hivyo, nakuungamia. Yule mama alikuwa anaipangusa vumbi na kitenge chake. "Ninamusalimia kila asubuhi mbele ya kwenda shambani," alisema. "Pua, hapana sana. Lakini macho!" Akamugeukia Mama: "Ulimujuaka?"

Mama aliangalia tena yale macho.

"Nilimujua," alisema. "Njo yeye."

Tulirudi mikono mitupu. Siku tatu za njia Evode hakusema na mimi, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira zaidi ya huzuni. Lakini Mama usiku ule ule alilala.

Amekwisha kurudi kule mara mbili, na maharagi na jibini. Njo Mama mwenyewe aliruhusu tuandike, ila tufiche kijiji, yule mujane asijue. Mara ya mwisho alimuuliza yule mujane kama hachoki na mugeni wa kila mara.

"Aka, hapana, kuja tu," alijibu, akiangalia ukutani. "Yeye pia alipendaka wageni."

Wenye kukukumbuka: watoto wako Evode na Verdiane, ndugu yako Damascène, na kununa kwake, na bibi yako Rosalie Mukandori, mwenye hayuko hapa kuweka sahihi, sababu tangu jana iko njiani, upande wa Walikale, kukuona.

Hatutakusahau hata siku moja, Papa.