Kimya cha Kugeuza Santuri

Katoro, Jumatano

Mdogo wangu Lameck,

Watu wengi hukosea wakidhani kimya kati ya santuri moja na nyingine ni kasoro ya mitambo. Nawe umo, maana umeniandikia nikutafutie mashine ya CD "isiyokatakata" kwa ajili ya ukumbi wako wa Nyasubi. Nitakujibu, ila kwanza marahaba, na pole kwa homa ya watoto. Mimi mzima, ukiacha magoti.

Nikueleze taratibu. Sahani ndogo za muziki wa soul nilizokuwa nikipiga hapa ukumbini kila Jumapili alasiri zina wimbo mmoja kila upande. Wimbo ukiisha nainua sindano, nafuta vumbi, nageuza. Katika kimya hicho mchimbaji wa dhahabu humrudisha mwanamke aliyecheza naye kwenye benchi lake, hushukuru, huenda kuomba kwingine. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika. Mwanamke aliyechoka hahitaji hata kusema, anakaa tu.

Mwezi uliopita mwenye ukumbi akaleta mashine ya CD kutoka Mwanza. Nyimbo zinafuatana bila pengo, saa nzima. Gramafoni yangu ikasukumwa chini ya meza, nami nikaachiwa kiti kando ya mashine, niwe wa kuwasha na kuzima. Sauti ni safi, sikatai. Safi kama maji ya kuchemsha, na ladha yake ni hiyo hiyo.

Jumapili ya kwanza, Mama Kabula, anayetukaangia samaki mlangoni, aliombwa kucheza na mchimbaji mmoja wa Rwamgasa. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili akaanza kujivuta.

"Niache, baba, nina samaki motoni."

"Wimbo haujaisha, mama."

"Uliisha! Huu mwingine."

"Mimi sijausikia ukiisha. Eti Mwalimu, wewe umeusikia?" akanigeukia mimi.

Watu wakacheka. Ukaingia wa tatu, ukaingia wa nne. Kidole changu kilikuwa karibu na kitufe cha kuzima, lakini sikubonyeza. Nimejiambia mengi tangu siku ile: kwamba mashine si yangu, kwamba ningefukuzwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna, nikitaka mashine iaibike mbele ya wote. Mama Kabula alijinasua kwa nguvu, akaangukia ukingo wa benchi, mkono ukavunjika. Muziki ukaendelea. Alipoinuliwa alinitazama.

"Mwalimu, ulikuwa umekaa hapo hapo," akasema.

Mwenye ukumbi anasema ni pombe. Wengine wanasema mama mwenyewe alipenda kucheza. Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa, na mlangoni alikuwapo muuza samaki mwingine. Mashine haikuaibika hata kidogo. Nami kile kiti bado ninakikalia.

Msalimie mama yetu, asiache dawa ya macho hata akijiona amepona. Msalimie shemeji yangu anayekushikia duka, na shangazi wa Ushirombo akipita hapo.

Mashine hizo zipo, kwa Mhindi karibu na stendi. Sitakununulia wala sitakukataza. Mama Kabula sasa yuko huko kwenu, kwa dada yake, nyumba ya pili nyuma ya soko la Nyasubi. Nenda kwake leo, kabla hujafungua ukumbi, ukamwulize mkono unaendeleaje.

Kaka yako,
Mwalimu Masanja