Nilipomshukuru Mbwa Mwitu

Novara, 9 Mei 1954

Dada yangu mpenzi Ersilia,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kiuno kimepoa baada ya mvua za wiki jana. Mama je, kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo, ila naandika mbiombio, usinicheke mwandiko.

Jana nilifanya mtihani wa ajira ya kudumu hapa manispaa. Mkataba wangu wa muda unaisha mwezi huu, kwa hiyo ilikuwa kufaulu au kurudi nyumbani. Kinachotisha ni sehemu ya mdomo: unachota karatasi sandukuni, unasimama mbele ya meza, unakinyambua kitenzi ulichopata katika nyakati zote na hali zote, bila kusita. Nasi tuliolelewa kwa lugha ya kijijini, Kiitalia tulikivaa shuleni kama viatu vya kuazima.

Mlangoni, mzee Gaudenzio, bawabu wetu, akanitakia heri kama ilivyo desturi yetu: niingie kinywani mwa mbwa mwitu. Badala ya kumjibu "Afe!", yaani huyo mbwa mwitu, kama mtu aliyelelewa, kwa woga nikasema asante. Dada! Makarani wote wakarukia kushika chuma kukinga mkosi: huyu funguo, yule kitasa. Gaudenzio akafoka kwamba binti huyu kajiroga mwenyewe, nani humshukuru mbwa mwitu? Akaniamuru nishuke hadi barabarani, nipande ngazi upya, anitakie tena. Nikapanda mbio, na safari hii nikapiga ukelele kama muuza samaki: "Afe!" Mwenyekiti wa mtihani akachungulia, akauliza nani huyo afe. Kisha akaniita ndani.

Nadhani ukelele ule ndio ulionifungua koo. Nilichota "kupika", ambacho kwa Kiitalia kina miiba kuliko samaki wa mtoni. Nikaanza na napika, unapika, nikapita yaliyopita ya juzi na ya kale, nikaingia kwenye hali za mashaka na matamanio, wanakozama wengi. Mwenyekiti alikuwa akinifuatisha kitabuni kwa kalamu. Mahali pamoja akanisimamisha, akafunua ukurasa, akasoma, kisha akamwambia mwenzake kwamba binti yuko sawa, aliyekosea ni yeye mwenyekiti. Nimekuwa wa kwanza kati ya watu kumi na tisa!

Sasa nitubu. Mwaka jana nilikwambia mtihani umeahirishwa. Haukuahirishwa. Nilisimama mbele ya meza ileile, ulimi ukakauka katikati ya kitenzi, nikatoka nikilia. Wewe ukamlaani katibu wa manispaa asiye na kosa, kisha ukarudi siku arobaini kupalilia mpunga, maji magotini, ukiamini mdogo wako hajapewa nafasi. Niliogopa ujue kwamba shule uliyonisomesha kwa mgongo wako ilikuwa imeishia pale. Nisamehe, Dada. Nitukane ukitaka, lakini nisamehe.

Naanza kazi rasmi tarehe mosi Juni. Msimamizi wa palizi akija kuandikisha wanawake, mwambie Ersilia haji tena. Atafute mgongo mwingine.

Mbusu Mama mashavu yote mawili, na majirani wa uani wasalimie mmoja mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Isolina