Volti Zilizokataa Kutulia

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama hajambo? Mimi mzima, ila kazi imenielemea.

Nimepewa kutengeneza kisanduku cha umeme cha mashine ya kuwasaidia kupumua watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Ndani kuna swichi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, ikiongozwa na kidhibiti kinachopima volti. Ikiwaka kwa muda mrefu zaidi, volti zinapanda, ikiwaka kwa muda mfupi, zinashuka. Natakiwa kupata kumi na mbili tu. Kwenye kisanduku mita inasoma kumi na mbili, lakini pampu ya mashine ikianza, inalegea. Fundi mkuu ananitazama kwa jicho la pembeni.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mama anasema ule vizuri.

Mimi fundi redio, hizo swichi zenu za kasi sizijui. Nauliza moja tu: waya unaokipa kidhibiti habari za volti umeuunga wapi? Usimuulize mpishi kama wageni wameshiba. Waya huo upeleke mpaka kwenye pampu yenyewe.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Ulisema kweli: waya mrefu unaopeleka umeme kutoka kisandukuni hadi kwenye pampu ulikuwa unakula volti njiani. Nilipohamishia waya wa kipimo kwenye pampu, pampu ikapata nguvu. Lakini volti zikaanza kupepesuka juu chini, nikaunguza swichi mbili. Fundi mkuu akampa mwenzangu benchi langu. Nikamwomba wiki moja, nikahamia kona ya stoo.

Huko ndiko nilipoona kwamba kidhibiti kina pupa. Kinasahihisha tena kabla sahihisho la kwanza halijafika. Nikakipunguzia pupa kwa kapasita na rezista, vipuri vidogo vinavyochelewesha umeme. Jana tumewasha na kuzima pampu mara mia mbili. Sindano ya mita inashtuka kidogo, inarudi. Fundi mkuu akasema, "Hii ipelekwe wodini."

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho kwa sauti ili mama yako asikie.

La waya hata mimi ningeliweza. Hilo la pupa nisingeling'amua hata ningepewa mwaka mzima, tena kwenye kona ya stoo. Mama yako aliponiona nimeinama akadhani nina huzuni. Nikamwambia, "Nimepitwa na mwanangu, na sijawahi kufurahi hivi."

Nichoree mchoro wa kisanduku hicho. Andika herufi kubwa, miwani imechoka. Nataka nijifunze.

Baba yako