Injini Juu ya Pagne ya Mjane

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Mususa, mji wa Butembo

Jina: Kavugho Jokébed
Umri: miaka 36
Kazi: kuuza pagne (vitenge) sokoni
Makao: Mususa
Mlalamikaji: Marie-Jeanne, mjane wa marehemu Gamaliel
Shauri: kutawanywa kwa vipande vya injini ya pikipiki na kupotea kwa kimoja
Tarehe: Jumatano, 22 Oktoba 2025

Mimi ni Jokébed, majirani wananiita Mama Élysée. Nimeitwa hapa kama shahidi, lakini nyumbani mume wangu Syauswa alishanihukumu. Amesema niende kwa baba yangu, kule Kayna, nikae huko mpaka kilichopotea kionekane. Kwa hiyo naomba afande aandike polepole, asiruke neno.

Mnamo Jumamosi tarehe 4 Oktoba, karibu saa nne asubuhi, Marie-Jeanne alifika kwetu na watu wawili wakimsukumia pikipiki. Ni ya marehemu mume wake, aliyekuwa rafiki wa mume wangu. Ni ya zamani sana, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta, na ilikuwa imelala kule Vuhovi tangu mazishi. Marie-Jeanne alisema anataka iwake ili abebe maharagwe yake mwenyewe bila kupiga magoti kwa wakwe zake. Hilo sikulipinga. Mwanamke lazima ale.

Mume wangu anafanya kazi kwenye moulin, mashine ya kusaga mahindi, lakini ugonjwa wake ni pikipiki za zamani. Alipoiona ile, uso wake uling'aa. Siku ya ndoa yetu haukung'aa hivyo, na picha zipo, mtu akitaka nitazileta.

Mvua ilikuwa inanyesha, akaamua kuifungulia injini ndani, kwenye salon, pale tunapopokea wageni. Marie-Jeanne akatoa pagne mpya kwenye mfuko wake, akasema: "Hii haina kazi kwangu. Mutandike hapa, bipande bisipotee."

Pagne ile niliijua. Ni ya bluu, ina ndege wa manjano, na niliiuza kwa mkono wangu mwezi wa Septemba. Aliyeinunua ni Phinées, mdogo wa mume wangu. Nilipomuuliza ni ya nani, alicheka: "Ni ya mutu moja tu, Shemeji. Hapana niulize." Sasa naikuta kwa Marie-Jeanne. Kwetu mwanaume hampi mwanamke pagne bure bure. Nikajiambia kwamba Syauswa amemtuma mdogo wake aje kununua kwenye meza yangu mwenyewe, mimi nikunje, mimi nifunge, na mwisho niseme asante.

Toka hapo salon haikuwa yangu tena. Kila kipande kilichotoka kilipangwa juu ya pagne kwa kufuata jinsi kilivyotoka, ili wakati wa kurudisha aanze na cha mwisho. Watoto walikatazwa kuingia. Mimi nilikatazwa kufagia. "Mama Élysée, hapana pitisha balai hapa, utaniharibia mpango." Piston aliioshea kwenye bassin yangu ya kukandia unga, akaisugua kwa mswaki wangu. Alikuwa anaigeuza kwenye mwanga, anaipuliza, anaiangalia tena. Wiki ile nilikuwa nimesuka nywele upya. Hakuona.

Na Marie-Jeanne alikuwa anakuja kila alasiri kuangalia kazi inaendeleaje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alipewa kiti changu. Mwanzoni mume wangu alikuwa anamwita Maman Marie-Jeanne. Baadaye ikawa Marie peke yake. Afande, niliona wivu. Sisemi hapa kwamba sikuona. Niliuona asubuhi, nikauona sokoni, nikarudi nao nyumbani.

Mnamo Ijumaa tarehe 17, alasiri, nilikuwa mlangoni mwa jikoni. Mume wangu alitoa kipande kinachoitwa clavette. Ni kichuma kidogo kama kucha, umbo la nusu mwezi, ndicho kinachoshika gurudumu la ndani la injini lisijizungukie ovyo. Bila hicho pikipiki haiwaki. Akasema: "Hii ikipotea, tumekwisha. Hata kule Beni sitapata ingine." Marie-Jeanne akajibu: "Leta, niifunge." Akaifunga kwenye kona ya pagne, fundo gumu, kama sisi wanawake tunavyofunga makuta, yaani pesa, tukienda sokoni. Mume wangu alikuwa anaangalia vidole vya Marie-Jeanne vikifunga. Fundo lile hata mimi ningelifunga. Nilikuwa pale. Hakuna aliyeniomba.

Mnamo Jumatatu tarehe 20 nilitoka sokoni nikafika nyumbani saa kumi na moja. Nilikuta vipande vyote vimemwagwa kwenye sakafu ya ciment, kimoja juu ya kingine, na pagne haipo. Nilikuwa bado nimesimama pale mume wangu alipoingia na Marie-Jeanne nyuma yake. Hakuuliza swali. Alisema: "Ni wivu yako hii. Pagne iko wapi?" Nikamwambia: "Baba Élysée, mimi natoka soko sasa hivi." Akasema: "Kesho uende Kayna. Utarudi siku clavette itarudi." Alisema hivyo mbele yake. Marie-Jeanne alitazama chini, baadaye akaja hapa kulalamika. Simlaumu, kipande ni chake.

Mnamo Jumanne tarehe 21 sikwenda Kayna, nilifungua meza yangu kama kawaida. Saa tatu asubuhi Phinées alikuja. Macho yalikuwa mekundu. Alitupa pagne ile juu ya bidhaa zangu, ikiwa na mafuta kila mahali, akasema: "Shemeji, pagne yako iliniletea aibu. Uichome."

Nikamuuliza aliitoa wapi. Akajibu: "Nilimupatia Marie-Jeanne, mimi, na roho yangu yote. Jana nilipita kwenu, hamukuwa. Nikaikuta chini, kaka ameipangia vyuma juu. Nikaivuta." Akaongeza: "Ye anakuja kwa kaka kila siku. Kwangu hajakuja hata moja."

Ndipo nilipoelewa. Pagne haikutoka kwa mume wangu. Ni Phinées aliyeitoa, mjane akaikataa, na kwa kuogopa kumrudishia usoni akaileta nyumbani kwa kaka yake mkubwa na kuitandika chini. Na Phinées alikuwa na wivu uleule niliokuwa nao mimi, tena juu ya watu walewale. Nilimpa maji akanywa. Naomba asifungwe.

Alipoondoka nilishika kona za pagne. Fundo lilikuwepo. Mwanaume asiyeonyeshwa hawezi kujua kwamba kona ya pagne ni mfuko.

Mtu ataniuliza kwa nini sikukimbia nyumbani palepale. Ningeweza. Lakini nilifukuzwa mbele ya Marie-Jeanne, sikutaka kusafishwa kwa siri jikoni. Nilingoja niitwe. Pagne hii hapa juu ya meza. Fundo sijaligusa.

Ukiniuliza kama wivu umeisha, nitasema umepungua kwa upande wa pagne. Upande wa vidole vile bado.

Nimesema nilichoona na nilichosikia, nimesomewa, na ni hivyo hivyo.

(Sahihi) Kavugho Jokébed

Maandishi ya afisa: Shahidi alikataa fundo lifunguliwe kabla mume wake hajaitwa. Bwana Syauswa alifika saa sita na nusu, mlalamikaji Marie-Jeanne akiwepo. Alifungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na clavette, nzima. Mlalamikaji alifuta malalamiko yake na kuomba Phinées asitafutwe. Bwana Syauswa aliipangusa clavette kwa shati, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipuliza, akaigeuza tena. Shahidi aliomba maneno aliyomwambia hapo yaingie katika maandishi haya, nami nimekubali: "Baba Élysée, ile umeshaiona. Sasa uniangalie miye."

(Sahihi) Bilali, afisa wa upelelezi